Nyekundu ya Bango la Ilongero

Singida Mjini,
5 Novemba 2003

Mjomba Chediel,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na kwamba Dada Sara anakusimamia umeze dawa za presha. Sisi huku tu wazima, ila mvua haijaonekana na bei ya mahindi sokoni haishikiki. Mama hajambo kule Ilongero. Mwanangu Hana bado yuko naye, kwa kuwa hapa dukani hakuna mahali pa mtoto kucheza, na bibi yake hapendi kulala nyumba tupu.

Nakuandikia kwa sababu ya ile mashine kubwa ya kuchapia mabango uliyonitafutia. Nyeusi inatoka vizuri, buluu vizuri, manjano vizuri. Ile ya nne, majenta, ambayo ikichanganyika na manjano ndiyo inayozaa nyekundu, inaruka. Nikichapa uso wa mtu anakuwa kama mgonjwa wa ini. Bwana harusi mmoja alilitazama bango lake akaniuliza, "Dada, hapa mmenioza au mmenizika?"

Ingekuwa mabango ya harusi tu ningevumilia. Lakini nimepata kazi ya mradi wa mbegu. Kampuni inaleta mahindi ya kupanda kwa malori, yamepakwa dawa ya wadudu na kutiwa rangi nyekundu ili watu wajue kwamba si chakula. Zamani mbegu zilikuwa za serikali, na bwana shamba alieleza kwa mdomo. Siku hizi mabwana shamba wamepunguzwa kazini; kampuni hushusha magunia na kuondoka. Basi Bwana Fabiano, msimamizi wa mradi, anataka bango moja kubwa katika kila ghala. Sehemu ya juu, mkono unafukia mbegu nyekundu ardhini. Sehemu ya chini, chungu kimejaa mbegu hizohizo nyekundu, na juu ya chungu mistari miwili minene myekundu iliyopishana, yaani kupika ni marufuku. Maneno yapo, tena meusi na makubwa, lakini wazee wengi hawasomi. Wataangalia picha.

"Iguguno wameshaanza kuziosha na kuzisonga ugali," Bwana Fabiano ameniambia. "Mwanamke mmoja amelazwa. Harakisha, mama, watu wana njaa."

Katika kazi hii, Mjomba, nyekundu ndiyo kazi yenyewe. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Winfrida Mughwai

*

Temeke, Dar es Salaam,
11 Novemba 2003

Mpwa wangu Winfrida,

Marahaba. Barua yako imefika kwa basi. Imeandikwa vizuri, isipokuwa umesema rangi "inaruka". Ama rangi haitoki kabisa, ama hutoka na mapengo, ama hutoka hafifu. Hayo ni magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake. Mganga anayeambiwa tu kwamba mgonjwa anaumwa hawezi kumtibu.

Usinipigie simu kwa jambo hili. Simu haioneshi rangi. Chapa karatasi ya majaribio, ile yenye vistari vyembamba vya kila rangi, uitie ndani ya bahasha. Nitaisoma kama nilivyosoma kurasa za majaribio katika kiwanda cha chapa cha serikali kabla hakijauzwa, na wewe unajua kwamba katika miaka yote ile hakuna kosa lililopita mikononi mwangu likafika kwa msomaji.

Wakati huo fanya hivi. Agiza mashine isafishe kichwa chake, pale wino unapotokea, mara moja, kisha uiache ipumzike. Usirudierudie kwa hasira, maana kila usafishaji hunywa wino, na povu huingia mahali palipokuwa na wino. Halafu tazama kile kifuniko chenye sifongo ambacho kichwa hulalia kazi ikiisha. Nina hakika ni kikavu na kimejaa vumbi. Kipanguse, ukiloweshe, ukirudishe kichwa juu yake, na ukiache hivyo hadi kesho yake. Wino ulioganda hulainika kwa subira.

Maji ya kuloweshea yasiwe ya kisima wala ya bomba la Singida. Maji ya huko yana chumvi. Yakikauka huacha unga mweupe, na unga huo ukiingia katika matundu ya kichwa umekiua. Chemsha maji, kinga mvuke kwenye mfuniko safi, utumie matone yake.

Nisalimie dada yangu Elizabeti. Mwambie namkumbuka kila ninapokula ugali wa uwele, ambao Sara hajui kuusonga.

Mjomba wako,
Chediel

*

Singida Mjini,
19 Novemba 2003

Mjomba,

Shikamoo. Nimefanya yote kwa utaratibu ulioutaja. Sifongo ilikuwa ngumu kama kipande cha mkaa. Nilikinga mvuke wa sufuria nusu siku nzima. Majirani wakauliza napika pombe gani. Ndani ya bahasha hii nimeweka karatasi mbili za majaribio. Ya kwanza ni ya kabla, ya pili ni ya baada. Utaona kwamba mapengo ya majenta yamepungua sana, lakini hayajaisha.

Bwana Fabiano anakuja kila siku. Anakaa kwenye kiti cha wateja na kutazama mashine kana kwamba ni mke wake anayejifungua. Lori limeshashusha mbegu Ilongero. Mama amepewa gunia lake, lakini hakuliingiza ndani. Amelifungia kwenye kibanda cha mbuzi ambacho siku hizi hakina mbuzi. Jirani yake Marietha alimwambia, "Mama Winfrida, zikioshwa sana rangi inatoka, zinakuwa mahindi kama mahindi." Mama akamjibu, "Hata nyoka akioshwa ni nyoka." Ndivyo alivyo, unamjua. Lakini Jumapili nilipokwenda niliona kwamba anampikia Hana uji mwepesi, yeye mwenyewe anakunywa maji ya kuoshea sufuria na kusema ameshiba. Nilimwachia unga kidogo. Si mwingi.

Nijibu mapema, nakuomba.

Winfrida

*

Temeke,
24 Novemba 2003

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimezitazama karatasi zako kwa kioo cha kukuzia. Kazi yako ni nzuri na sina haya kuisema. Katika karatasi ya pili majenta ina mapengo machache upande wa kushoto tu. Lowesha tena, pumzisha tena, safisha mara moja, chapa karatasi nyingine. Usinitumie hiyo kwa sababu hakuna muda. Ihesabie mwenyewe. Kila kistari kikiwepo, kizima, kisichokatika, basi mashine ni nzima, nawe chapa mabango yako bila woga. Karatasi ya majaribio haisemi uongo. Kanuni hii nimeitumia tangu mashine hizi zilipoingia nchini, na nimewafundisha vijana wote wa karakana ya mashine hizi hapa Temeke.

Jambo la pili. Mashine yako hutumia wino wa maji, ambao huchelewa kukauka, na upepo wa Singida hubeba vumbi laini kama unga. Kwa hiyo acha mashine ivingirishe turubai yenyewe kwenye bomba lake la chini, uso ukiwa ndani. Bango likiisha, likate na ulifunge palepale. Usilikunjue kulitazama. Bango linalokunjuliwa likiwa bichi huchubuka, na huwezi kulirudisha.

Mwambie Elizabeti aache ukaidi wake wa kujinyima. Tulipokuwa wadogo alifanya hivyohivyo kwa ajili yangu katika njaa ile, na nikamwahidi kwamba nitakapokuwa mtu mzima hatafanya tena. Siku hizi mimi ni mtu mzima mwenye miguu iliyovimba, nisiyeweza hata kupanda basi. Nimempa dereva kifurushi cha mchele kwa ajili yake. Hakikisha kimefika.

Chediel

*

Singida Mjini,
3 Desemba 2003

Mjomba,

Shikamoo, na ahsante. Kila kistari kipo! Nilihesabu, nikamwita Bwana Fabiano naye akahesabu, nikahesabu tena.

Bango la kwanza tulilitazama likitoka mwanzo hadi mwisho, tukiisimamisha mashine mara kwa mara. Lilikuwa jekundu kweli, hata mistari ya marufuku ilikuwa kama imechovywa katika damu. Bwana Fabiano alicheka, "Mama, hata mimi sasa naogopa kula." Alisoma maneno yote, akasema hakuna kosa, akaweka sahihi. Hilo limekwenda Kinampanda.

Mengine niliyachapa mfululizo siku moja, kwa sababu kuna mgawo wa umeme na hatukujua utakatika saa ngapi. Mashine ilikwenda yenyewe chumba cha nyuma ikivingirisha kama ulivyosema, nami nikawa mbele dukani nikimwandikia muuza nyama kibao chake. Kila bango lilipoisha nilikwenda nikalikata na kulifunga bila kulikunjua. Kati ya bango na bango nilichapa karatasi ya majaribio. Kila mara ilikuwa kamili. Nilijisikia fundi.

Yote yamekwishachukuliwa. Mchele umefika. Mama alilia kidogo, akasema umeanza utoto tena. Amewatangazia watu wa Ilongero wote kwamba bango linalokuja limetengenezwa na mwanawe. Anasema litakapopigiliwa, yeye ndiye atakayewasomea wasiojua, ingawa naye hajui.

Winfrida

*

Temeke,
12 Desemba 2003

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi. Sasa usibweteke. Kila jioni lowesha sifongo.

Sina la kuongeza. Daktari ameniongezea dawa na kunikataza ngazi, chumvi na mabishano. Mawili ya kwanza nitayaweza.

Msalimie mama yako.

Chediel

*

Temeke,
18 Desemba 2003

Winfrida, ndugu yangu,

Pole. Nimeandika neno hilo na sijui la pili liwe lipi. Jana uliponipigia simu nilikuwa sokoni, na nilikusikia vibaya kwa sababu ya kelele, au nilitaka kuamini kwamba nimesikia vibaya. Kwa hiyo narudia hapa nilivyokuelewa, unisahihishe kama nimekosea. Kwamba Shangazi Elizabeti alipika zile mbegu na kula. Kwamba alimpa sahani Marietha, na mtoto mdogo wa Marietha, Yeremia, akala. Kwamba wote wawili, Shangazi na Yeremia, wamekufa, na mmewazika siku moja. Kwamba Hana alitapika mapema na yuko hospitali, anaishi.

Na ulisema kwamba Shangazi alikuwa amezikataa mbegu hizo mpaka bango lilipokuja. Hapo ndipo niliposhindwa kukufuata. Ulisema bango lilikuwa na mbegu nyekundu juu, mkononi mwa mkulima, na chini mbegu za manjano katika chungu. Ulisema alama ya marufuku nayo ilikuwa ya manjano, na watu wakaidhani ni miali ya moto. Ulisema Shangazi aliliangalia akawaambia wenzake, "Mwanangu ametueleza. Nyekundu ni ya shamba. Ukiiosha ikawa manjano, ni ya chungu." Akaenda kuziosha mbegu za gunia lake.

Baba hajui. Nimekaa na daktari. Amesema moyo umepanuka na habari nzito inaweza kumwondoa. Wazee wa huku wameshauriana na wakaamua asiambiwe mpaka hali itulie, nikasema sawa. Nimeficha hata kilemba cheusi. Ananiuliza mbona macho mekundu, namwambia vitunguu. Ukimwandikia, nakusihi, usimwambie. Mwandikie mambo ya mashine. Hayo humtuliza.

Dada yako,
Sara

*

Singida Mjini,
29 Desemba 2003

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini dawa mpya zinakusaidia. Mvua za kwanza zilinyesha zikakatika, na mbegu zilizopandwa zimeungua. Kampuni itashusha lori la pili mwezi ujao ili watu wapande upya.

Nina swali la ufundi. Je, inawezekana karatasi ya majaribio itoke kamili, halafu bango lianze na nyekundu na kumalizika na manjano? Bahasha hii ina vipande viwili nilivyovikata kutoka bango moja. Kimoja ni cha sehemu ya juu, kingine ni cha chini. Wino ni uleule, turubai ni lilelile, siku ni ileile. Karatasi ya majaribio niliyoichapa kabla yake ilikuwa kamili, na niliyoichapa baada yake ilikuwa kamili. Nimezitunza zote mbili.

Nataka kujua kama kosa ni la mashine au la mkono wangu. Nijibu hilo tu.

Winfrida

*

Temeke,
5 Januari 2004

Mpwa wangu,

Marahaba. Haiwezekani.

Karatasi ikiwa kamili, matundu yote ya kichwa yako wazi. Matundu yakiwa wazi, wino hutoka. Wino ukitoka, nyekundu ni nyekundu kutoka juu hadi chini. Kama bango limebadilika katikati, basi kuna mtu aliyegusa mashine katikati. Ama uliizima na kuiwasha, ama chupa ya majenta iliisha ukatia nyingine bila kuona, ama ulimwachia mtu mwingine. Jichunguze. Kosa lisilotafutwa hujirudia.

Tena barua yako ina upungufu ambao si wa kawaida yako. Haina salamu za mama yako. Tangu ulipojifunza kuandika hukuwahi kuziacha, hata mwaka ule mlipogombana. Haina habari za Hana. Haisemi mabango yamepokewaje vijijini. Na nikimuuliza Sara kama kuna habari kutoka nyumbani, anakwenda jikoni kutazama chungu ambacho hakiko motoni.

Vipande vyako viko mezani mbele yangu. Cha chini kina ukingo wa chungu. Ni cha bango la mbegu, sivyo? La kijiji gani?

Chediel

*

Temeke,
9 Januari 2004

Winfrida,

Usimpe dereva wa basi jibu la barua yangu ya tarehe tano. Ichane.

Jana nilimlazimisha Sara anishike mkono mpaka karakana. Niliomba mashine kuukuu kama yako, yenye kichujio kichafu. Kichujio ni kile kikasha kidogo juu ya kichwa, ambapo wino hupita kabla ya kufika katika matundu. Mimi nilikwambia habari za sifongo, sikukwambia habari za kichujio. Nilichapa karatasi ya majaribio. Ilitoka kamili. Kisha niliagiza mashine ichape nyekundu tupu, upana wote, urefu wa bango. Nikakaa kitini.

Ilianza nyekundu nzuri. Kabla ya kufika nusu ikapauka. Ikawa rangi ya chungwa. Ikawa manjano, na manjano ikaendelea hadi mwisho. Niliisimamisha, nikaomba maji nikanywa, nikachapa tena karatasi ya majaribio. Ilitoka kamili, kistari kwa kistari. Vijana wa karakana walikuwa wamesimama nyuma yangu.

Wewe uelewe sababu. Kichujio kilichoziba nusu hupitisha wino wa kutosha vistari vyembamba. Hakipitishi wa kutosha uwanja mpana wa nyekundu. Kichwa kinamaliza akiba yake, kinakauka, manjano inabaki peke yake. Mashine ikipumzika kidogo, wino hujikusanya tena, na karatasi inakuwa kamili. Bango la kwanza lilikuwa zuri kwa sababu mashine ilikuwa imepumzika, na mlikuwa mmeisimamisha mara kwa mara kulitazama. Mengine yalifuatana. Na hukuyaona kwa sababu nilikukataza kuyakunjua.

Kanuni zote mbili zilikuwa zangu. Mkono wako ulifanya nilichoamuru.

Njiani kurudi nilimuuliza Sara, "Elizabeti amekufa?" Alikaa chini kando ya barabara, katikati ya watu, akaniambia yote. Sikuanguka kama daktari alivyotabiri. Ningependa kusema zaidi juu ya dada yangu, lakini si katika barua hii, maana umesema lori la pili linakuja na mabango bado yapo ukutani.

Usichape tena. Usimsubiri Fabiano wala kibali chake. Nunua kopo la rangi nyeusi ya mafuta na brashi pana. Nenda kwenye kila ghala. Pale palipo na chungu, chora mistari miwili iliyopishana, minene, mbele ya macho ya watu, na useme kwa nini. Anzia vijiji ambavyo lori litafika kwanza.

Mlee Hana.

Chediel

*

Singida Mjini,
24 Januari 2004

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliipokea wiki iliyopita asubuhi, na mchana wake nilikuwa njiani.

Kwanza nilipita kwa Bwana Fabiano, si kuomba kibali, bali ili asije akasema sikumwambia. Alisikiliza akiwa amesimama. "Dada," akasema, "taarifa imeshakwenda juu. Imeandikwa kwamba wananchi walikaidi maelekezo. Bango lina maneno, maneno ni sahihi, sahihi yangu ipo. Ukianza kuzunguka na kopo la rangi unataka waseme nini?"

"Waseme ukweli," nikamwambia.

"Ukweli utalifunga duka lako. Na mimi utanifunga pamoja nalo."

"Mama yangu hakukaidi, Bwana Fabiano. Alitii."

Niligeuka niondoke. Lakini nilipofika mlangoni aliniita, akanipa orodha ya siku za lori. Sijui alikuwa na moyo gani.

Kinampanda bango ni jekundu juu na chini; hawakula, wala hawakuelewa nilikuwa nalia nini. Iguguno bango lilikuwa na chungu cha manjano kama la kwetu. Mzee mmoja alinishika mkono wenye brashi. "Unaliharibu kwa nini? Hili ndilo lililotuhakikishia kwamba zikioshwa zinalika." Nilimuuliza wangapi wameugua. Akaanza kuwataja kwa majina, taratibu, na alipofika jina la mkewe aliniachia mkono. Nilipaka. Alinishikia kopo.

Njia nzima nilikuwa na Hana. Hataki kubaki na mtu. Yu mzima, lakini macho yake hayavumilii jua, na daktari hasemi kama hilo litapona. Hali chochote mpaka mimi nionje mbele yake.

Ilongero niliiacha mwisho. Nilijua si sahihi, kwa kuwa huko ndiko wangenisikiliza zaidi, au ndivyo nilivyofikiri. Niliogopa tu. Kaburi la Mama liko nyuma ya nyumba, upande wa mtama, na la Yeremia liko ng'ambo ya ua. Tulipita hapo kwanza. Hana alinionesha gunia tupu. Alikuwa amelikunja vizuri, akaniambia bibi alimfundisha kwamba magunia hayatupwi.

Pale ghalani lori la pili lilikuwa linashusha. Watu walikuwa wengi. Nilipanda juu ya mbao, nikapaka mstari wa kwanza, nikapaka wa pili, rangi ikitiririka mpaka kwenye maneno. Nikawageukia. Niliwaambia kwa Kinyaturu kwamba mashine yangu iliishiwa na nyekundu katikati ya kazi, kwamba sikuangalia, kwamba mbegu hizi zinaua zikiwa nyekundu na zinaua zikioshwa, na kwamba ndizo zilizomuua mama yangu na Yeremia. Kwamba ni za kupanda tu.

Marietha alikuwa mbele kabisa, katika mstari wa kupokea. Alilitazama bango kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Winfrida," akasema, "la kwanza lilisema tule, tukazika. Hili linasema tupande. Tuliamini na hili?"

"Liamini, mama. Nakuapia."

"Na mama yako aliniapia."

Alitoka katika mstari. Watu wawili watatu wakamfuata, kisha wengine. Wapokea magunia walibaki wachache, na waliyabeba kwa ncha za vidole. Mvua imerudi tangu juzi, Mjomba, nzuri, ya kutosha kupandia. Nimepita leo asubuhi mbele ya shamba la Marietha. Amelilima lote, udongo umelowa, matuta yamenyooka. Hajapanda kitu.

Winfrida